Mtani Aliyemvua Babu Kofia

Ilikuwa saa nne na dakika arobaini asubuhi, kwa saa ya gari lao, pale Mtani alipomvua kofia mzee ambaye tulikuwa tumevuka bahari kwenda kumwomba mjukuu wake. Aliivua kwa mkono wa kushoto, akaificha nyuma ya mgongo, akacheka. Pembeni yetu wageni walikuwa wakipiga picha, na chini yetu ilikuwa bahari. Mimi nilisimama karibu nao, nami nilicheka.

Nimeanzia hapo kwa sababu watu wakinisikia namtaja Mtani huniuliza habari za siku hiyo. Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimemdhulumu. Mwanamke yule nilimfahamu zaidi ya miaka ishirini kabla ya asubuhi ile, na mengi niliyoyaona kwake hayakuwa ya aibu.

Jina analo, lakini katika soko la Handeni hakuna aliyelitumia. Sisi Wazigua tulimwita Mtani, na wasio Wazigua wakatuiga, ingawa kwao hakuwa mtani. Yeye ni Msambaa wa Vugiri, kule juu ambako ukungu hauondoki mapema. Alishuka na mzigo wa kabichi akiwa bado kijana, akapata meza sokoni, akabaki. Wazee wake na wazee wangu walituachia utani kama wengine wanavyoachiwa shamba. Mtani ana haki ya kukutukana bila chuki, kuchukua kitu chako mpaka ukikomboe, na kukuchekesha ukiwa na msiba. Nawe una haki hiyohiyo juu yake. Kukasirika hakuruhusiwi. Katika utani, aliyekasirika ndiye mwenye kosa.

Mimi ni fundi wa pampu za maji na jenereta. Karakana yangu iko nyuma ya soko, kwa hiyo kila asubuhi nilipita mbele ya meza yake. Hakuwahi kunisalimia kama watu wanavyosalimiana.

"Mtumwa wangu, umelalaje?"

"Salama, mama wa mguu mmoja mrefu."

"Mguu mrefu ni wa kupandia mlima. Wewe mtu wa tambarare unapanda nini zaidi ya kitanda?"

Wauza nyanya wangecheka. Kisha angewageukia wateja wake na kuwaambia kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa muhimu: "Msimwone anatembea na spana. Babu zake tuliwanunua kwa kikapu cha mahindi. Na kikapu tukadai turudishiwe."

Nami ningejibu kama baba yangu alivyojibu, na kama nadhani baba yake alivyojibu: "Na mahindi yenyewe yalikuwa na dumuzi."

Mzaha huo ni wa zamani kuliko sisi. Husemwa kwamba hapo kale njaa iliingia Uzigua, watu wakajiuza au wakauza watoto wao ili wapate chakula. Tangu nikiwa mtoto niliusikia mzaha wa kikapu msibani, harusini na kwenye foleni ya kisima. Niliujua kama mtu anavyoujua wimbo wa shuleni, maneno yote yako mdomoni na hakuna hata moja lililopita kichwani.

Mtu ambaye hakumfahamu angedhani ni mwanamke asiye na adabu. Kumbe nilikuwa sijaona mtu mwenye adabu kali kuliko yeye. Kabla ya kumtania mtu yeyote aliuliza kabila lake. Aliuliza taratibu, huku akipima viazi: "Mwanangu, wewe asili yako wapi?" Ukimjibu jina la kabila ambalo halina utani na Wasambaa, basi ulikuwa mteja, na ulipata heshima zote za mteja. Siku moja mfugaji wa Kimasai alinunua karoti, akalipa, akaondoka. Mkuki wake ulikuwa umefungwa kitambaa cha plastiki, na masikio yake yalikuwa na mapambo ambayo Mtani angeweza kuyaimbia wimbo mzima. Hakusema kitu. Alimwita baba, akamshukuru.

"Huyu umemwacha vipi?" nilimwuliza.

"Sina kibali," alijibu. "Tusi bila utani ni tusi tu."

Alikuwa Mkristo wa kwaya, nasi wengi tulikuwa Waislamu. Mwezi wa Ramadhani hakula mbele yetu mchana. Alikwenda nyuma ya ghala, akala huko, akarudi akifuta mdomo na kututukana kwa sababu ya harufu ya njaa yetu. Alikuwa na tabia nyingine ambayo sikuielewa. Jirani yake sokoni aliuza mahindi. Punje ikidondoka karibu na meza ya Mtani, aliiacha kazi yake, akainama, akaiokota na kuirudisha katika gunia la jirani. Punje moja. Hakueleza, na mimi sikuuliza, kwa sababu niliona ni ubahili wa mlimani, jambo ambalo lilikuwa na mzaha wake tayari.

Kazi yake hasa ilikuwa msibani. Baba yangu alipofariki, mama yangu hakulia. Alikaa juu ya mkeka macho makavu, hasemi, hali, na wanawake waliomzunguka walianza kuogopa. Jeneza lilipotolewa chumbani, tulikuta mlango umezibwa. Mtani alikuwa amesimama pale amevaa koti la baba na kofia yake, fimbo ya baba mkononi. Alikohoa kikohozi cha baba. Alijikuna sikio kama baba alivyojikuna alipokuwa anataka kukataa kukupa kitu.

"Hamnipeleki popote," alisema kwa sauti ya marehemu. "Mke wangu hajanipa chai."

Baba mdogo alimwambia apishe.

"Elfu ishirini," alisema Mtani.

"Mia mbili."

"Mia mbili hata jogoo hazikwi. Elfu kumi na tano, ni mzee wenu huyu."

"Alikuwa mzee mwembamba. Mia tatu."

Walibishana namna hiyo huku wabebaji wamesimama na jeneza mabegani, mpaka wakakubaliana mia tano. Nikasikia nyuma yangu sauti nisiyoitambua. Ilikuwa ya mama yangu. Alikuwa anacheka, na kicheko kilipofika katikati kiligeuka kuwa kilio, akalia mpaka jioni, na usiku ule akala. Mtani alivua koti, akalikunja, akaenda nyuma ya nyumba kuosha masufuria. Aliyaosha mpaka siku ya tatu, hakutania tena hata neno moja.

Siku hiyo nilikuwa bado sijaielewa hesabu ya utani. Nilidhani anataka fedha. Baadaye tulikuwa harusini, akamchukulia kiatu bwana mmoja Mzigua aliyekulia Dar es Salaam, mwenye gari na haraka. Mtani akataja elfu hamsini. Yule bwana akafungua pochi, akahesabu elfu hamsini, akampa. Mtani aliziangalia noti zile, akamrudishia zote pamoja na kiatu.

"Mbona umeziacha?" nilimwuliza.

"Kanilipa kama anayelipa faini. Mtu akikupa ulichotaja, anataka uondoke. Akibishana nawe, amekubali ukae."

Niliuweka moyoni msemo huo. Watu wananiambia napenda mno kuweka misemo.

Sasa nieleze safari.

Mwanangu wa kwanza ni fundi umeme. Alikwenda Unguja kufanya kazi katika majengo ya hoteli, akakutana na binti anayefundisha watoto wa shule ya awali. Wakapendana, na akanipigia simu kusema anataka kuoa kwa utaratibu. Hakuwa mtoto wa kuomba kitu. Tangu akiwa mdogo alikuwa akijitengenezea. Kwa hiyo alipoomba hili nililichukua kwa uzito. Nilipanga ujumbe wa watu wanne: kaka yangu mkubwa, shangazi yetu, mimi, na Mtani.

Kaka alikataa. "Huko si Handeni," alisema.

"Maneno ya posa ni magumu," nilimjibu. "Mtani huyalainisha. Kwetu hakuna posa isiyo na mtani."

"Nimekwambia, huko si kwetu."

Nilidhani nina hoja na yeye ana hofu. Mtani mwenyewe alipoambiwa aliuliza watu wale ni kabila gani. Nilimwambia ni Waunguja. Akasema basi atakwenda kama mama wa kijana, si kama mtani, na kazi yake itakuwa kubeba zawadi. Alishona gauni jipya refu, akanunua mtandio. Alibeba karoti, njegere na viazi vya Vugiri katika mfuko wa salfeti uliooshwa mpaka ukang'aa. Ndani ya boti alitapika njia nzima. Shangazi alimwuliza mbona leo haitanii bahari. "Bahari haina kabila," alijibu, akainamia tena mfuko wake.

Siku ya kwanza alikuwa kimya kiasi kwamba Shangazi aliuliza kama anaumwa. Tulipokewa vizuri. Tulitoa barua, yakasemwa maneno ya pande zote mbili, wakatuambia jibu litakuja. Nyuso zilikuwa nzuri. Babu wa binti, mzee aliyezidi miaka themanini, alitutazama sana sisi tuliotoka bara, kama mtu anayetafuta kitu alichokiacha kwetu.

Asubuhi yake ami wa binti alisema hatuwezi kuondoka kisiwani bila kuona mandhari. Kuna jabali la matumbawe kaskazini mwa mji, si mbali, watalii hupelekwa huko. Tungekwenda, tungepiga picha, tungerudi kwa chakula cha mchana. Babu akasema naye anakwenda. Ami akamkumbusha miguu yake. Babu akasema miguu itakaa garini pamoja na yeye. Akaingia, lakini si mbele alikofunguliwa mlango. Aliketi kiti cha nyuma, kati ya Mtani na mimi. Kaka na Shangazi walifuata katika gari la pili pamoja na shangazi wa binti.

Tulipita migomba na mikarafuu michache, nyumba zenye baraza, kisha barabara ikawa ya vumbi jeupe. Madirisha yalikuwa wazi. Mtani alikuwa anamsifia Babu kofia yake, iliyokuwa kazi ya mkono, yenye matundu madogo yaliyoshonwa kwa subira. Kisha akauliza lile swali lake. Aliuliza kwa adabu, kama alivyowauliza wateja.

"Babangu, asili yenu ni hapahapa?"

Babu aliangalia kisogo cha ami, mwanawe, aliyekuwa akiendesha. Kisha akainama kidogo kuelekea kwa Mtani, na kwa sauti ambayo mimi niliisikia kwa sababu tu bega langu liligusana na lake, akasema: "Bibi yangu mzaa baba alikuwa Mzigua."

Mtani aligeuka akanitazama juu ya kichwa cha mzee. Macho yake yalikuwa yamefunguka kama ya mtu aliyekutana na ndugu stendi. Siku nzima na usiku mzima alikuwa amejifunga mdomo ugenini, kumbe ugenini kulikuwa na mtani wake. Kibali amekipata, tena kwa mdomo wa mwenyewe. Naamini hakuwaza zaidi ya hapo. Mimi niliyekuwa nimesoma vitabu ningeweza kuwaza. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini mengine niliyatafuta mwenyewe, na nilikuwa nimesoma namna watu wa kwetu walivyopelekwa visiwani. Nilijua Mzigua wa enzi za bibi yake Babu alifikaje Unguja. Nilikuwa nalijua jambo hilo kama lilivyo kitabuni, na kitabu nilikuwa nimekiacha nyumbani.

Tulifika. Jabali limetokeza juu ya maji, na chini yake kuna kighuba kidogo chenye mchanga. Ng'ambo, siku ile anga ikiwa safi, ulionekana mstari mwembamba wa bara. Kulikuwa na watalii, kijana wa kuuza madafu, na familia mbili tatu za kisiwani. Babu alishuka kwa msaada wa fimbo, akaenda mpaka ukingoni, akatuita. "Njooni muone," alisema. "Njooni, watu wa Handeni."

Hapo ndipo Mtani alipomvua kofia.

"Kumbe mtumwa wangu yuko huku," alisema, kwa sauti yake ya sokoni. "Tulikuuza kwa kikapu cha mahindi, tukadhani umefia njiani. Kumbe umeshiba, umejenga, una kofia ya kazi ya mkono. Lete elfu kumi, la sivyo naipeleka Vugiri ikatagiwe na kuku."

Shangazi alicheka. Mimi nilicheka, na mdomo wangu ukasema wenyewe, bila kuniomba ruhusa: "Na mahindi yenyewe yalikuwa na dumuzi."

Kisha nikaona hakuna mwingine anayecheka. Familia za kisiwani zilikuwa zimegeuka kutuangalia. Shangazi wa binti alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Babu alisimama kichwa wazi. Nywele zake zilikuwa nyeupe na chache, na kofia ilikuwa imeacha alama ya duara kuzunguka kichwa. Aliinua mkono, akashika pale kofia ilipokuwa, kama anayehakikisha. Aliyesema ni ami.

"Mama, mpe mzee kofia yake, tafadhali. Kwetu sisi hatuitani watumwa."

Hakupaza sauti. Mtani alipiga magoti pale kwenye matumbawe, akairudisha kofia kwa mikono miwili. "Nisamehe, babangu." Babu aliipokea, akaivaa, ikakaa upande. Kisha alitugeuzia mgongo, akabaki anaangalia kighuba kile cha chini na ule mstari wa ng'ambo, mpaka ami alipokuja kumshika mkono. Picha hazikupigwa. Wakati wa kurudi Babu aliketi mbele. Chakula cha mchana kilikuwa kingi na kizuri, tukala kwa vijiko vilivyosikika.

Jibu la posa lilikuja baada ya wiki mbili: binti bado anasoma. Binti yule alikuwa mwalimu. Mwanangu alinipigia simu jioni hiyohiyo.

"Baba, mlifanya nini kule?"

"Tulitania."

"Mlimtania nani?"

"Babu yake. Alisema bibi yake ni Mzigua."

"Baba," alisema, "kitu hicho wamekificha watu wa nyumba ile tangu sijazaliwa, hata wewe hujazaliwa. Wanawe hawataki kisemwe hata jikoni. Na nyie mmekisemea pale watu wanapouza madafu."

Nimetengeneza pampu nyingi, najua namna ya kufungua kitu, kukipanga sakafuni kipande kwa kipande na kutafuta kilichoharibika. Nilifanya hivyo na mzaha wa kikapu. Nilipoupanga sakafuni nilikuta ndani yake mna mtoto wa kike, ambaye aliishi akazeeka akampakata mjukuu, na mjukuu huyo mimi niliketi naye bega kwa bega garini. Miaka yote nilikuwa nimemjibia kwamba mahindi yalikuwa na dumuzi. Aibu niliyoipata haikuwa ya kukosa mkwe.

Mtani naye aliyapanga yake. Tuliporudi, asubuhi ya kwanza nilipita mbele ya meza yake. Aliinua kichwa.

"Habari za asubuhi," alisema.

"Nzuri," nilijibu, na nikaendelea kutembea, kwa sababu sikujua la kuongeza. Ndivyo ilivyokuwa kila siku. Wauza nyanya walidhani tumegombana. Alipofiwa Mzigua mmoja wa mtaa wa pili, watu walikaa wakisubiri mlango uzibwe. Mtani alikuja amejifunga kanga, akaketi na wanawake wengine, akainamisha kichwa. Jeneza likapita bila kizuizi, na nyumba ile ililia kilio kisichokatika, hadi mtu mmoja pembeni yangu akanong'ona kwamba msiba huu una nini, mbona mzito hivi. Baada ya miezi kadhaa goti lake lilianza kumsumbua. Akauza meza, akarudi Vugiri. Hakuaga kwa mzaha. Aliaga kwa kunipa mkono.

Ulipita mwaka na zaidi. Sikukuu ya Idi mwanangu alikuja nyumbani kwa mara ya kwanza tangu posa ikataliwe. Alikuwa hajaoa, na binti alikuwa hajaolewa. Baada ya kula akanivutia kando, akatoa mfukoni kijikaratasi kilichokunjwa, akanieleza neno lililonifanya nisilale. Kesho yake nilipanda basi hadi Korogwe, na kutoka hapo pikipiki kupanda Vugiri.

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, anapukuchua mahindi kwenye ungo, mguu mmoja ameunyoosha. Alikuwa amepungua. Ananizidi umri kama miaka kumi, lakini kwa kuwa ni mtani wangu sikuwahi kumpa shikamoo hata siku moja, wala hakuitegemea. Siku ile niliitoa.

"Shikamoo."

"Marahaba," alisema.

Tukaangalia chini wote wawili.

Alinipa kiti. Tukaulizana habari za mvua, za goti, za soko. Punje iliruka kutoka kwenye ungo ikaangukia karibu na kiatu changu. Akajinyoosha kwa taabu, akaiokota. Safari hii nilimwuliza.

"Mama yangu alinifunza," alisema. "Naye alifunzwa. Walituambia punje moja iliwahi kuwa mtu. Mimi nilidhani ni namna ya kufundisha watoto wasimwage chakula." Aliitupia punje kwenye ungo. "Mzaha wa kikapu tuliutania wote, wewe na mimi. Lakini kikapu kilikuwa cha nani? Sisi mlimani tulikuwa na mahindi, nyie hamkuwa nayo. Mikono iliyokishika kile kikapu ilikuwa ya kwetu. Sikuwahi kuitazama mpaka nilipomwona yule mzee kichwa wazi."

"Kikapu ni cha zamani, mama."

"Hata kofia ni ya zamani. Mbona alipovuliwa ilikuwa juzi?"

Nilimweleza basi kilichonileta. Babu alikuwa amemwita mwanangu, wakakaa wawili peke yao barazani. Alimwambia kwamba bibi yake aliteremshwa kwenye kighuba kile kilicho chini ya jabali, usiku, akiwa na umri wa kuweza kubeba mtoto mwenzake mgongoni. Alipozeeka alikuwa akienda kukaa pale juu, na Babu, akiwa mdogo, alimfuata. Ndiyo maana aliingia garini na miguu yake mibovu. Alikuwa anataka asimame pale na watu wa Handeni, awaoneshe. Alikuwa anatafuta namna ya kuanza.

Mtani aliacha kupukuchua.

"Akasema maisha yake yote hajaitwa Mzigua na mtu," niliendelea. "Wanawe wanaona haya. Akasema, yule mama alinitukana, na tusi liliniuma, sitasema halikuniuma. Lakini alinitukana kama mtu wa kwao. Kisha akamwuliza mwanangu, kwenu kofia hukombolewaje? Maana niliipokea bila kulipa, na kitu hicho kinanisumbua."

"Mwanao akasemaje?"

"Akamwambia hulipi ulichotajiwa. Unabishana."

Nilifungua kijikaratasi. Ndani mlikuwa na sarafu ya mia tano na sarafu ya mia mbili. Nilizitia kiganjani mwake.

"Ametuma hizi. Amesema elfu kumi ni nyingi. Amesema kofia yenyewe imefuliwa mpaka imepauka, na kuku wa Vugiri wasingeikubali. Na amesema barua ya posa apelekewe yeye mkononi, wanawe atazungumza nao."

Alizitazama sarafu zile kwa muda mrefu. Machozi yalimjia, akayaacha yashuke bila kuyafuta, mwanamke ambaye nilimwona kwenye misiba mingi na sikuwahi kumwona akilia. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka kwenye migomba nyuma ya nyumba. Aliniuliza, kwa sauti ndogo, kama anaogopa kusikia nimekosea:

"Alisema mia saba?"

"Mia saba."

"Hakuongeza?"

"Hakuongeza."

Alizifunga sarafu kwenye pindo la kanga, akalikaza fundo kwa meno. Kisha akainua uso, na kwa mara ya kwanza tangu tulipotoka kwenye jabali lile akanitazama kama alivyokuwa akinitazama sokoni.

"Mtumwa wangu," alisema, "ukirudi mpelekee salamu Mzigua mwenzako. Mwambie kaniibia shilingi elfu tisa na mia tatu."